Ufunguo wa Pili

Siku ufunguo ulipogoma, hapakuwa na mtu nyumbani ila mzee Zachariah Ongeri na mke wa mwanawe, Nyamoita. Ilikuwa Sabato ya kufunga makambi, mkutano mkubwa wa kanisa wa kila mwaka, na kijiji kizima kilikuwa kimehamia uwanja wa kanisa kule Ekerenyo, watu na viti vyao vya plastiki, Biblia zao na mabakuli yao ya chakula. Hata mbwa walikosa wa kubwekea. Mzee alibaki kwa sababu ya goti lake bovu. Nyamoita alibaki kwa sababu daktari wa kliniki alimkataza safari na kazi nzito. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa nane.

Mzee alikuwa ameketi nje ya nyumba yake akisoma Biblia, au tuseme ukweli, akisinzia nayo mapajani, aliposikia akiitwa kutoka ng'ambo ya ua.

"Tata!"

Hivyo ndivyo Nyamoita alivyomwita, kama Wagusii wote wanavyomwita baba. Lakini sauti haikuwa ile ya kumwambia chai iko tayari. Mzee alijikongoja mpaka karibu na nyumba ya mwanawe, akasimama uani kwa umbali wa heshima. Nyamoita alikuwa mlangoni, ameshika mwimo kwa mikono yote miwili. Leso aliyojifunga ilikuwa imelowa upande mmoja.

"Ni damu, Tata. Imeanza sasa hivi na haisimami."

"Mungu wangu! Kaa chini, usisimame. Naleta gari."

Gari lilikuwepo. Hilo ndilo linalouma kila jambo hili linaposimuliwa. Gari dogo la kijivu lilikuwa chini ya mparachichi, limeoshwa Ijumaa kabla jua halijatua. Job, mume wa Nyamoita, alilinunua kwa jasho la Qatar, anakofanya kazi katika ghala la nyama ya barafu, na alilinunua kwa ajili ya siku kama ile. "Mke wangu akishikwa na uchungu, asipande pikipiki kwenye matope," alimwambia baba yake alipokuja likizo.

Na dereva alikuwepo. Zachariah alizeekea kwenye lori la kubeba majani chai, na hapakuwa na kona ya Nyamira asiyoijua hata akifumba macho. Job alipotaka kumwelekeza habari za gari la kuwashwa kwa kitufe, mzee alisikiliza robo tu.

"Na ufunguo huu ukiishiwa nguvu, Tata, unachofanya ni..."

"Wewe," mzee alimkata, "mimi nilikuwa nikishusha lori mlimani na mvua ikinyesha, wewe bado hujazaliwa. Leo unifundishe ufunguo?"

Wakacheka wote wawili, na Job akayaacha maneno hapo.

Ufunguo wenyewe haukufanana na ufunguo. Ulikuwa kidude cheusi, saizi ya kipande cha sabuni iliyokwisha kutumika, na ulining'inia kwenye msumari kando ya kalenda. Mzee aliutwaa, akaenda kwa gari, akabonyeza. Siku zote gari lilimjibu kwa mlio mfupi na kupepesa taa. Siku hiyo lilinyamaza. Akabonyeza tena. Akausogeza karibu na kioo, akabonyeza kwa kidole gumba mpaka ukucha ukageuka mweupe. Kimya. Mlango ulikuwa umefungwa, na yeye alikuwa nje, akitazamana na sura yake mwenyewe kwenye kioo.

"Tata, kuna nini?" Nyamoita aliuliza. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti sasa.

"Hakuna kitu. Ni betri. Nakuja."

Betri alizijua. Nani asiyezijua, katika kizazi kilichosikiliza taarifa ya habari kwenye redio ya mawe manne? Jiwe likichoka, unaling'ata kidogo, unalianika juani, na jioni linakupa taarifa nyingine. Mzee alikibandua kile kidude kwa kucha. Kipande cha chuma kikachomoka ubavuni, chembamba, chenye meno upande mmoja: ufunguo mdogo, umejificha ndani ya ule mkubwa. Moyo ulimruka kwa furaha. Alitafuta tundu kwenye kitasa, akalipata, akazungusha, na mlango ukafunguka.

"Nyamoita, umefunguka! Jikaze mwanangu, tunaondoka!"

Akaingia nyuma ya usukani, na hapo ndipo uzoefu wake wote ulipomsaliti. Alitafuta tundu la kuchomeka ufunguo. Alipapasa kulia kwa usukani, akapapasa kushoto, akainama na goti likimlilia, akapapasa chini, mpaka kwenye redio akapapasa. Hapakuwa na tundu. Palikuwa na kitufe kile tu, cha mviringo. Akakibonyeza. Taa nyekundu yenye picha ya ufunguo iliwaka kidogo, ikazimika. Akakibonyeza tena, ikawa vilevile.

Basi akarudi kwenye elimu ya redio. Alitoa betri, kidude chembamba kama sarafu, akaing'ata kwa jino lililobaki zima, akaifuta kwenye suruali, akairudisha. Gari halikuwaka. Akaianika juu ya boneti, na kwa kuwa hakuweza kusimama tu akiitazama inaota jua, alipiga simu. Job hakupatikana, ghalani kwao simu hufungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Celestine, mke wa mzee, hakupatikana huko makambini. Mchungaji alikuwa ameamuru simu zizimwe. Jirani mwenye pikapu alikuwa makambini pia. Namba ya ambulensi iliyokuwa kwenye kadi ya kliniki iliita mpaka ikachoka. Mzee alienda hadi langoni, akapaza sauti barabarani. Mwangwi wa sauti yake ulimrudia kutoka kwenye mashamba ya chai, na hapakutokea mtu.

Aliporudi, betri ilikuwa ya moto. Gari halikuwaka.

Ndipo alipokumbuka kwamba funguo zilikuwa mbili.

*

"Nyamoita, ule ufunguo mwingine uko wapi?"

"Uko ndani, Tata. Kwenye mfuko wa koti la Job."

"Koti liko wapi?"

"Kwenye sanduku. Juu ya kabati." Alisita. "Chumbani."

Wote wawili walijua uzito wa neno hilo.

Kwa Wagusii kuna kitu kinachoitwa chinsoni. Ni heshima na ni haya, vyote viwili katika neno moja. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Haketi kwenye kiti chake, na chumba cha kulala cha mkazamwana wake hakitaji hata kwa mdomo. Zachariah alisimamia ujenzi wa nyumba ile tangu msingi. Kizingiti alichokalia Nyamoita, ubao wa mkaratusi, alikipigilia misumari kwa mkono wake. Lakini siku Job alipoleta mke, mzee alitoka kwa mlango uleule na hakuingia tena. Chakula alipelekewa kwake. Maneno aliyasema kutoka uani. Pombe aliiacha alipobatizwa, matambiko aliyaacha, wachawi alikoma kuwaamini au alisema amekoma. Hili hakuliacha, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni dhambi. Lilikuwa ndilo jambo zuri walilobaki nalo.

"Niende mimi," Nyamoita alisema.

Mzee alifungua kinywa. Angeweza kusema hapana. Alilitafuta neno hilo, tena alilitafuta kweli, tusimwonee, na badala yake likatoka jingine.

"Pole pole basi. Shika ukuta."

Alimwona akigeuka, akipotelea kwenye giza la ndani, na kizingitini pakabaki doa. Mzee alivua kofia. Hakujua kwa nini aliivua. Alisogea mpaka chini ya paa, karibu kuliko alivyowahi kusogea, akasimama ameupa mlango bega ili macho yake yasiingie.

Alisikia mlango wa chumbani ukilia. Alisikia kiti kikiburutwa kwenye saruji. Kikanyamaza, kikaburutwa tena.

"Umepata?"

"Bado, Tata. Liko mbali."

Alimsikia akipumua, pumzi za mtu anayepanda mlima na mzigo. Kisha akamsikia akiguna.

"Tata, njoo."

"Nini?"

"Njoo unishikie."

Mlango ulikuwa wazi. Kizingiti kilikuwa mbele ya kiatu chake. Mzee Zachariah aliinua mguu, na Mungu ni shahidi kwamba aliuinua, kisha akaurudisha palepale ulipokuwa.

"Jikaze kidogo, mwanangu. Jikaze, utafika."

Ndani kukawa kimya. Halafu sanduku likaanguka kwa kishindo, na kiti kikaanguka baada yake.

"Nyamoita! Nyamoita!"

Alimwita kwa sauti ya kulia, akipiga ukuta kwa kiganja, mpaka alipomwona anakuja, ameinama, mkono mmoja tumboni na mwingine umemnyooshea kile kidude cheusi. Leso haikuwa na upande mkavu tena. Mzee alikipokea. Alitembea nyuma yake hadi kwenye gari, mikono yake miwili ikiwa wazi hewani, tayari kumdaka akianguka. Hakumgusa.

Ufunguo wa pili uliwasha gari kwa mguso mmoja.

*

Katika hospitali ya mjini Nyamira walimpokea kwa machela, na mzee akaachwa kwenye benchi. Saa moja baadaye muuguzi alitoka, mama wa makamo aliyechoka.

"Mzee, huyu ni nani yako?"

"Ni mke wa kijana wangu."

"Amepoteza damu mingi sana. Mbona mkakaa nyumbani hivi?"

"Gari ilikataa kuwaka."

"Na mbona anasema alianguka akitoa sanduku juu ya kabati? Mtu yuko hivi, nani anamwacha apande kiti? Hakukuwa na mtu huko nyumbani?"

Watu waliokuwa kwenye benchi waligeuza nyuso. Mzee alikuwa na njia nyingi za kujibu. Angeweza kutaja makambi, goti, mchungaji na simu.

"Nilikuwepo," alisema.

Muuguzi alimtazama kidogo, akaandika kitu kwenye karatasi zake, akarudi ndani. Alipotoka mara ya pili hakuuliza kitu. Aliketi kando ya mzee kabisa, na mzee akajua kabla hajaambiwa. Mama ataishi. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima wa viungo vyote, na hakuvuta pumzi. Kama ni kule kuchelewa, au ni kule kuanguka, au ingekuwa hivyo kwa vyovyote, muuguzi hakusema, na mzee hakuthubutu kuuliza.

Celestine alifika jioni, bado amevaa nguo zake nyeupe za kanisa. Alipita moja kwa moja hadi kwa Nyamoita. Alipotoka, alisimama mbele ya mumewe.

"Wewe ulikuwa wapi wakati anapanda juu ya kiti?"

"Nje."

"Nje wapi?"

"Mlangoni."

Celestine alijifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa, akalia bila kutoa sauti. Hakumlaumu. Yeye mwenyewe, katika miaka yote, hakuwahi kuvuka sebule ya nyumba ile.

Job alipiga simu mara tu baada ya hapo. Zamu ilikuwa imeisha, na alikuta simu za baba yake zimejaa. Mzee alimweleza yote, kwa maneno machache, kama anavyotoa ushahidi mtu ambaye hataki kutetewa. Upande wa pili zilisikika sauti za watu wakizungumza Kiarabu.

"Tata," Job alisema mwishowe, "ufunguo huo wa kwanza haukuwa na shida."

"Ulikuwa umekufa. Niling'ata hata betri."

"Betri ndiyo ilikufa. Ndani kuna kitu kingine, hicho hakitumii betri. Unaugusisha kwa kile kitufe, unakanyaga breki, unabonyeza. Gari inawaka. Ndiyo nilikuwa nataka kukuambia siku ile."

Mzee alikumbuka siku ile. Alikumbuka mpaka kicheko chao.

"Pole, Tata," Job alisema. Maskini, yeye aliyefiwa ndiye aliyetoa pole.

Mzee alienda kwenye maegesho. Ufunguo wa pili alimwachia Celestine mkononi, na wa kwanza, ule uliokufa, aliutoa mfukoni. Aliketi nyuma ya usukani. Kiti cha abiria kilikuwa bado na damu. Aliugusisha ufunguo kwenye kitufe, akakanyaga breki, akabonyeza. Gari likawaka palepale, kwa sauti ya chini, ya utulivu, kama gari lisilo na neno na mtu. Zachariah alilaza kipaji chake kwenye usukani, akalia mpaka mlinzi akaja kugonga kioo, akamwuliza kama ataondoka au ataendelea kuziba njia.

*

Mtoto alizikwa na wanawake, bila mahubiri marefu, kando ya migomba. Nyamoita alirudi nyumbani baada ya wiki, amekonda, na ua ulijaa wageni wa pole. Wanaume waliketi upande wa mzee. Kati yao alikuwa Omwenga, mzee wa ukoo anayejua mila kuliko anavyojua jina la chifu, na ndiye aliyelileta jambo lile hadharani.

"Nimeambiwa yote," alisema Omwenga. "Na mimi nataka nikupongeze, Ongeri. Vijana wasikie. Siku hizi mtu angeingia mle ndani mbio mbio, aseme ni dharura. Wewe ulisimama nje. Shida ilikupata, na heshima haikukuponyoka."

Vichwa vilitikiswa kwa kukubali. Mmoja akasema kweli, mwingine akasema wazee kama hao wamebaki wachache. Mzee Zachariah aliisikia sifa ile ikimshuka kooni kama maji ya moto. Alitaka kumwambia Omwenga anyamaze, na hakuweza, kwa kuwa wiki nzima alikuwa akijiambia maneno hayohayo usiku ili apate usingizi.

"Kunyweni chai," alisema. "Inapoa."

Wageni walipoondoka, alichukua funguo zote mbili. Akavuka ua, akasimama mahali pake pa siku zote. Nyamoita alikuwa ameketi mlangoni akiota jua. Celestine alikuwa akipepeta nafaka ya wimbi karibu na ghala.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Vizuri, Tata. Subiri nikuletee kiti."

"Usilete. Nimekuja kukuambia kitu." Alizungusha kofia mikononi. "Ule ufunguo wa kwanza ulikuwa mzima. Ungewasha gari. Job alitaka kunifundisha, na mimi nikajifanya najua. Sanduku ulilipandia bure. Sitaki ulisikie kwa mtu mwingine."

Nyamoita aliutazama mkono wa mzee na vile vidude viwili vyeusi. 

"Ya ufunguo sina neno nayo, Tata," alisema hatimaye. "Hukujua. Hata mimi sikujua. Lakini nilikuita."

"Ndiyo. Uliniita."

"Mlango ulikuwa wazi."

Hakusema kwa hasira. Mzee angeshukuru kama angesema kwa hasira. Nyamoita alipokea funguo, akainuka kwa kujishikilia, akaingia ndani, na mlango hakuufunga. Mzee alibaki uani. Alijua kuwa sasa angetakiwa kurudi kwake, apelekewe chakula, miaka ipite, na Omwenga aendelee kumsifu.

Ndipo aliposikia chumbani kiti kikiburutwa kwenye saruji. Tangu siku ile sanduku lilikuwa bado sakafuni, mahali lilipoangukia, na Nyamoita alikuwa anataka kulirudisha juu ya kabati.

Kiti kikanyamaza. Kikaburutwa tena.

Mzee Zachariah alivua viatu, akaviweka vizuri chini ya paa. Celestine alimwona, na ungo ukasimama mikononi mwake. Wimbi lilimwagika, naye hakuinama kuliokota.

"Acha, mwanangu, usipande," mzee alisema. "Nakuja."

Akavuka kizingiti, akaingia.